Barafu ya friza si baridi, ni blanketi

Friza yangu ya kwanza niliiua kwa kisu. Kilikuwa kile kifupi cha kuparia samaki, na bonge moja tu la barafu lilikuwa limebaki, limeung'ang'ania mfuko wa samaki aina ya mbuta kama simenti. Nikachokoa. Fsss ndefu, kisha kimya. Fundi wa Kondele aliinama, akakitazama kitundu chenyewe, si kikubwa kuliko ncha ya sindano, akaniuliza: "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa makini yanayosemwa kuhusu friza hapa Kisumu.

"Barafu nyingi ni dalili friza ina nguvu." Hili ndilo linalozaa makosa mengine yote. Baridi hutoka kwenye mabomba yaliyofichwa nyuma ya kuta, na barafu ikijibandika hapo inakuwa blanketi kati ya bomba na samaki wako. Kompresa inanguruma muda mrefu zaidi kutafuta zile zile nyuzi 18 chini ya sifuri, na tokeni za stima zinayeyuka kabla ya barafu. Ikifikia unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Wala haitengenezwi na mashine: ni unyevu wa hewa. Kila ukifungua mlango hewa nzito ya ziwa inaingia, na ukisukumia ndani sufuria ya mchuzi inayofuka mvuke, umeileta mwenyewe.

"Kisu kinamaliza kazi haraka." Kinamaliza, ndiyo. Mabomba hayo mara nyingi ni ya alumini laini, na ndani yake hupita gesi ya kupoza. Tazama kibandiko nyuma ya friza: kikiandika R600a, gesi hiyo inawaka moto. Huwa ni makumi machache tu ya gramu, lakini ukisikia fsss, zima jiko, fungua madirisha, usiguse swichi.

Njia yenyewe haina ujanja. Chomoa plagi, toa vitu, tandika matambara chini, kisha weka ndani sufuria ya maji moto juu ya kitambaa kilichokunjwa na ufunge mlango. Kila baada ya robo saa badilisha maji. Itachukua muda, kwa sababu kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto linalokaribia lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Mabonge yakilegea, yasukume kwa mwiko wa mbao. Chumvi inayeyusha kweli, ila inakula chuma. Kumwagia kuta maji yanayochemka kunapasua plastiki.

"Samaki akianza kulegea, mtupe." Jirani yangu alimwaga ngege wa wiki nzima kwa imani hiyo, na paka wa ploti wakala Krismasi. Samaki akiwa bado na chembe za barafu ndani, au joto lake halijapita nyuzi 4, anarudi kwenye friza salama. Utamu na ugumu wa nyama ndio utapungua kidogo. Waliokosea upande wa pili wananiogopesha zaidi: wanaodhani baridi imeua vijidudu. Haiui, inavilaza tu. Samaki aliyeshinda mezani mchana kutwa kwenye joto la Kisumu haponywi na friza.

Stima ikipotea, usichungulie. Friza iliyojaa, mlango ukikaa umefungwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, kama 24.

"Ukimaliza, washa papo hapo." Kausha kwanza, maana matone utakayoacha ndiyo barafu ya kesho. Na kama uliilaza au kuiinamisha sana, iache wima saa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa.

Halafu pima raba ya mlango: bana noti, funga, vuta. Ikitoka bila kugoma, hewa inapita. Friza yangu ya sasa inaachia noti kwenye kona ya chini kushoto, na barafu kila mara huanzia pale pale.