Ofisi kubwa si makao makuu

Habari ya kampuni ya teknolojia kuchukua jengo katikati ya jiji haikawii kuharibika. Kampuni yenyewe hutangaza kwamba imeongeza ofisi. Gazeti la mji ule huandika kwamba jiji limepata makao mapya ya kampuni hiyo. Ikishafika kwetu, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp, imeshageuka: "wamehamisha makao makuu." Nimelisikia hilo kuhusu Google na New York, nikalisikia kuhusu Amazon na Virginia, na siku hizi wapo hata wasomi wanaokueleza kwa uhakika kabisa kwamba Google ni kampuni ya Manhattan, kitovu cha jiji la New York. Hapana.

Maana yenyewe ni fupi. Makao makuu ya kampuni ni mahali ambapo viongozi wake wa juu hukaa na kuiendesha. Maamuzi makubwa hutoka pale, na ripoti za kila upande huishia pale. Hayapimwi kwa futi za mraba, wala kwa idadi ya ghorofa, wala kwa urefu wa foleni ya lifti saa tatu asubuhi.

Kinachochanganya watu ni kwamba kampuni kubwa huwa na anwani zaidi ya moja yenye uzito. Ipo ya mahali ilikoandikishwa, ambayo ndiyo inayoamua sheria ya wapi itatawala mambo yake ya ndani. Ipo ya mahali inakoongozwa. Halafu yapo majengo wanamofanyia kazi watu wake, na haya ndiyo mengi, ndiyo yanayopigwa picha. Alphabet, kampuni mama ya Google, imeandikishwa Delaware, jimbo dogo la Marekani, inaongozwa kutoka Mountain View huko California, na maelfu ya wafanyakazi wake wamo Manhattan. Hakuna ajabu yoyote hapo, ila ukichukua hiyo ya tatu ukaiita ya pili, habari nzima inapinda.

Tuwatazame hao Google wa Manhattan. Mwaka 2010 walinunua 111 Eighth Avenue, dubwana la jengo linaloanzia barabara ya nane na kuishia ya tisa. Mwaka 2018 wakaongeza jengo la Chelsea Market, hapo hapo jirani, kwa dola bilioni 2.4. Septemba 2021 wakatangaza kununua St. John's Terminal kwa bilioni 2.1, wakalifungua Februari 2024. Hili la mwisho lilijengwa miaka ya 1930 kuwa stesheni ya mizigo, mwisho wa ile reli ya juu ambayo sehemu yake leo ni bustani ya High Line. Google waliziacha ghorofa za chini za stesheni na kupandisha nyingine juu yake. Kampuni ililitaja kuwa makao makuu ya kitengo chake cha biashara kwa Amerika Kaskazini. Yasome tena maneno hayo: kitengo kimoja, bara moja. Waandishi wakakata mkia, kikabaki kichwa peke yake, nacho ndicho kilichosafiri hadi kwetu.

Anayeona huu ni ubishi wa maneno matupu aende mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Hertz dhidi ya Friend. Wafanyakazi wa Hertz, kampuni ya kukodisha magari, walikuwa wameishtaki huko California kwa madai ya mishahara. Hertz ikataka kesi ihamie mahakama ya shirikisho, ambayo husikiliza kesi kati ya watu wa majimbo tofauti, ikijitetea kwamba huko California ni mgeni tu, maana makao yake yako New Jersey. Mahakama za chini zikahesabu vituo, wafanyakazi na mapato, zikaona California imeyapita majimbo mengine, zikasema Hertz ni mwenyeji hapo. Mahakama ya Juu ikaikataa hesabu hiyo, majaji wote kwa kauli moja. Jaji Stephen Breyer akaandika kwamba mahali pakuu pa biashara ni pale ambapo viongozi wanaelekeza, wanadhibiti na kuratibu shughuli za kampuni, akapaita kituo chake cha mishipa ya fahamu. Akatoa na mfano: ikiwa shughuli nyingi za kampuni zinazoonekana kwa macho ziko New Jersey, na wakubwa wanaziongoza kutoka ng'ambo ya mto, New York, basi mahali pakuu ni New York. Akaziba na mwanya mwingine: ofisi ambayo wakurugenzi huifikia kwa safari, wakafanya kikao cha bodi na kuondoka, haihesabiki. Kwa watu wasiosifika kwa ufupi wa maneno, majaji hao walijitahidi.

Lakini fujo tunayoisikia leo chanzo chake ni Amazon, na hapa itabidi tukae kidogo.

Amazon ilianza mwaka 1994 kwenye gereji ya nyumba huko Bellevue, ng'ambo ya ziwa kutoka Seattle. Kampuni nyingi za aina yake zilikwenda kujenga nje ya mji, kwenye nyasi na maegesho yasiyo na mwisho. Microsoft wako Redmond mpaka leo. Amazon ikachagua kubanana mjini. Kuanzia 2010 ikahamia South Lake Union, eneo lililokuwa na maghala mengi kaskazini ya katikati ya jiji, ikawa mpangaji wa Vulcan, kampuni ya Paul Allen, yule aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates. Mwaka 2012 mpangaji akanunua kutoka kwa mwenye nyumba majengo 11 kwa takriban dola bilioni 1.16, na mwaka huohuo akachukua viwanja vitatu eneo la Denny Triangle ili apandishe minara. Kufikia 2017 Amazon ilijihesabia majengo 33 Seattle, futi za mraba milioni 8.1 na wafanyakazi zaidi ya 40,000. Januari 2018 ikafungua yale matufe matatu ya vioo yaliyojaa mimea, ambamo mtu anaweza kufanyia kikao chini ya mti. Watalii huyapiga picha wakiamini ndiyo makao makuu yenyewe. Anwani ambayo Amazon huiandika kwenye ripoti zake kwa wasimamizi wa soko la hisa ni 410 Terry Avenue North, jengo la South Lake Union ambalo mgeni angelipita bila kugeuza shingo. Minara yote ile ya Denny Triangle ilipanda bila kuigusa anwani hiyo.

Septemba 2017 ndipo Amazon ilipotangaza kwamba inatafuta mji wa kuweka HQ2, yaani makao makuu ya pili. Uwekezaji wa dola bilioni 5, ajira 50,000, na hadhi sawa kabisa na Seattle. Maombi 238 yakamiminika kutoka kila pembe ya Amerika Kaskazini. Novemba 2018 jibu likatoka: makao hayo ya pili yatagawanywa, nusu Long Island City, mtaa wa Queens huko New York, na nusu Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington. Kwangu mimi mchezo uliishia hapo. Kitu chenye hadhi sawa na Seattle hakikatwi vipande viwili na kila kipande kikaondoka na jina zima. Zilizokuwa mezani zilikuwa ofisi mbili kubwa sana, na magavana na mameya walikuwa wanashindana kwa misamaha ya kodi ili wapate ofisi.

New York ilithibitisha hilo bila kukusudia. Februari 14, 2019, baada ya wanasiasa na wakazi kadhaa kuipinga ruzuku ya takriban dola bilioni 3 ambayo kampuni iliahidiwa, Amazon ilijiondoa Queens. Ikaandikwa kila mahali kwamba jiji limepoteza makao makuu ya Amazon. Desemba mwaka huohuo Amazon ikapanga futi za mraba 335,000 karibu na Hudson Yards, upande wa magharibi wa Manhattan, kwa ajili ya watu 1,500. Mwaka 2020 ikanunua kutoka kwa WeWork, kampuni ya kupangisha ofisi, jengo la Lord & Taylor, duka kubwa lililokuwa Fifth Avenue tangu 1914. Jiji lililolia msiba likaendelea kupokea wafanyakazi. Arlington nao, walioshinda, walizinduliwa minara miwili ya ghorofa 22 mwezi Juni 2023, miezi mitatu tu baada ya kampuni kusema kwamba ujenzi wa awamu ya pili utasubiri. Mkurugenzi mtendaji, Andy Jassy, ofisi yake imebaki Seattle.

Na kama hoja ni faida kwa mji, basi hata hiyo haifuati cheo cha jengo. Mei 2018 baraza la jiji la Seattle lilipitisha kodi ya dola 275 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi wa kampuni kubwa. Amazon ilikuwa imeshasimamisha mipango ya mnara mmoja kwa sababu ya kodi hiyo, na ilipofika Juni baraza hilohilo likaifuta. Kodi ile haikuuliza makao makuu yako wapi. Iliuliza watu wangapi wanafanya kazi ndani ya jiji, jambo ambalo muuza chakula cha mchana pia angeuliza.

Upande wa usajili nao una vituko vyake. Tesla ilihamisha makao makuu kutoka Palo Alto kwenda Austin, Texas, Desemba 2021. Usajili wake ukabaki Delaware hadi Juni 2024, wenye hisa walipopiga kura ya kuupeleka Texas, miezi michache baada ya mahakama ya Delaware kubatilisha malipo manono ya Elon Musk. Kwa muda wote ule kati ya tarehe hizo mbili, kampuni ilikuwa imeshahamia Texas na ilikuwa bado haijahama. Mtanzania hapaswi kuona ugumu: uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973, na wizara ziliendelea kutoa amri kutoka Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40.

Sheria zetu za kodi ya mapato, ya Kenya na ya Tanzania, zinaijua tofauti hii vizuri kuliko magazeti yetu. Kampuni huhesabiwa kuwa mkaazi ikiwa imeandikishwa nchini, au ikiwa usimamizi na udhibiti wa shughuli zake ulifanyika nchini katika mwaka husika. Ghorofa ulizopanga Westlands, Nairobi, hazimo kwenye kipimo hicho, hata ziwe sita na zote zina kahawa ya bure. Kodi utalipa kwa unachochuma hapa, lakini ukaazi ni jambo jingine.

Kwa hiyo mtafsiri mwenzangu, na wewe msomaji wa habari, ukikutana na neno makao makuu kwenye taarifa ya kampuni, angalia kwanza kama lina mkia: ya Afrika, ya kitengo fulani, ya mauzo. Mkia huo usiukate. HQ2 iache kama ilivyo, ni jina la mradi. Na pale usipokuwa na hakika, andika tu kwamba Amazon wameongeza ofisi Manhattan, au Google wana ofisi kubwa huko. Hakuna atakayekudai zaidi.