Murmur: neno la Kiingereza lililoanza kwa mvumo mkubwa

Ukilifasiri neno murmur kuwa "kunong'ona" kila unapolikuta, utakosea mara nyingi kuliko utakavyopata. Anayenong'ona hupitisha pumzi tu. Nyuzi zake za sauti hazitetemeki. Kwenye murmur zinatetemeka. Weka vidole viwili kooni, nong'ona "mama", kisha litamke tena kwa sauti ya chini kabisa. Mara ya pili utausikia mtetemo vidoleni.

Neno lenyewe ni la Kilatini, na huko halikuwa la upole. Mshairi wa Kirumi Virgil, katika kitabu cha kwanza cha utenzi wake Aeneid, anaieleza bahari iliyochafuliwa na dhoruba kuwa inavuma magno murmure, yaani kwa mvumo mkubwa. Waroma walilitumia hata kwa radi. Kigiriki kina mormyrein, maji yanayofoka na kububujika. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina marmara, mchakarisho wa majani. Yote ni mwigo wa sauti kwa kurudia silabi, kama tunavyofanya sisi katika bwabwaja na gugumiza. Kinachoyaunganisha si udogo wa sauti, ni kwamba sauti inasikika lakini huwezi kuichambua ikawa maneno. Ndiyo maana m inafaa sana: midomo imefungwa, sauti inatokea puani.

Kiingereza kililipokea kupitia Kifaransa katika karne ya 14, na maana iliyotamba wakati huo ilikuwa manung'uniko. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne hiyo, analitaja sambamba na uasi wa watu wa chini. Biblia ya Kilatini ilikwisha kuandaa njia: katika Kutoka 16:2 Waisraeli murmuravit dhidi ya Musa na Haruni, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikalihifadhi neno hilohilo. Wafasiri wetu waliandika kunung'unika, na walipatia kabisa. Maana ya sauti laini, ya kijito au nyuki, ndiyo iliyo maarufu zaidi leo. Naamini matamshi nayo yamesaidia: r mbili zilizokuwa zikisikika zimepotea katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, neno likabaki laini mdomoni.

Unapofasiri, tazama kwanza linalofuata. Likifuatwa na against au at, ni kunung'unika au kuguna. Likiwa na of na kitu kisicho na kinywa, kama bahari au magari ya mbali, ni mvumo. Umati ukumbini ukipokea habari usiyoitaka, ni miguno. Usiandike minong'ono, maana minong'ono kwetu hubeba siri na umbeya. "Without a murmur" ni bila kuguna. Kundi la kwezi wa Ulaya huitwa murmuration, jina linalopatikana katika orodha ya majina ya makundi ya wanyama ya mwaka 1486.

Penye hatari kubwa ni hospitalini. Daktari Mfaransa Laennec alibuni stetoskopu, kifaa cha kusikilizia kifua, mwaka 1816, akaisikia katika mioyo ya wagonjwa sauti aliyoifananisha na mivuo ya mhunzi. Madaktari wa Kiingereza wakaiita murmur. Hutokea damu inapopita kwa msukosuko: vali (kilango cha damu moyoni) imebana, vali inavuja, kuna tundu kati ya vyumba vya moyo, au damu inakwenda kasi tu kwa sababu ya homa, upungufu wa damu au ujauzito. Watoto wengi wenye afya wanayo. Ukimwambia mzazi kwamba moyo wa mwanawe "unanung'unika", hataelewa chochote. Ukisema "ana ugonjwa wa moyo", umemtia hofu ambayo huenda haina msingi. Sema "sauti ya ziada katika mapigo ya moyo", kisha mwache daktari aeleze chanzo.

Na ripoti ikiandika 2/6, hiyo si sehemu ya moyo iliyoharibika. Ni ngazi ya ukubwa wa sauti: 1 husikika kwa shida, kuanzia 4 mtetemo huhisiwa kwa kiganja kifuani, na 6 husikika hata stetoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kwenye ngozi.