Unene wa ukuta: tulichokiona Dubrovnik na Rhodes

Tukifika kwenye mji wenye ukuta, mume wangu hupanda juu kupiga picha za bahari. Mimi naangalia unene. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na kila ngome ya Mediterania naiuliza swali moja: waliokujenga walimwogopa nani?

Dubrovnik, kule Kroatia, hujibu bila kuficha. Ukuta wake una urefu wa mita 1,940 kuuzunguka mji, na mahali pengine umesimama mita 25 kwenda juu. Upande wa bara, ambako adui angeweza kupanga mizinga yake, unene unafika mita 6. Upande wa bahari unene ni mita 3 au pungufu, maana miamba nayo inalinda.

Kisa chenyewe kiko nje kidogo, kwenye ngome ya Lovrijenac iliyokaa juu ya jabali. Kuta zake za nje zinafikia unene wa mita 12, lakini ule unaotazama mji ni sentimita 60 tu. Mume wangu alidhani fedha ziliwaishia. Wapi! Wakuu wa Dubrovnik, ambayo zamani ilikuwa jamhuri, hawakumwamini hata kamanda wao wenyewe: akiasi na kujifungia humo, mizinga ya mji iupasue ukuta huo mara moja. Hata Rekta, mkuu wa dola, alikaa madarakani mwezi mmoja, kisha akampisha mwingine.

Dubrovnik ni mzuri zaidi kwa macho, sibishi. Ila anayetaka kuelewa baruti ilivyobadilisha ujenzi aende Rhodes, Ugiriki, na asianzie juu ya ukuta, ashuke handakini. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana walizingirwa hapo na jeshi la Waturuki mwaka 1480, wakaponea chupuchupu. Walikuwa wameona kwamba ukuta mrefu mwembamba, uliofaa kuzuia ngazi na mishale, kwa mzinga ni shabaha tu. Wakaunenepesha, wakapanua handaki, na minara ya zamani wakaizungushia bastioni, yaani ngome za pembe nyingi zinazochomoza mbele ili mizinga ifagie ubavu wa ukuta. Kwenye bastioni ya Mtakatifu George mnara wa mraba wa awali bado unaonekana, umemezwa na mawe ya baadaye. Tulikaa pale mpaka mume wangu akaanza kuulizia chakula.

Sultani Suleiman alipokuja mwaka 1522, wachimbaji wake walipita chini ya ardhi kuweka baruti. Mhandisi wa watawa, Gabriele Tadino, akatega ngozi zilizowambwa kama za ngoma, zenye njuga. Ardhi ikitikisika, njuga zinalia. Njia nyingi za chini kwa chini ziligunduliwa hivyo, si zote. Mji ulisalimu amri Desemba.

Sisi watu wa Mombasa elimu hiyo tunaijua kwa sura. Fort Jesus, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na bastioni zake zinalindana kwa mtindo ule ule.

Mkienda, handaki la Rhodes mnatembea bure, na risasi za mawe za mizinga bado zimezagaa humo. Dubrovnik pandeni asubuhi na mapema. Njia ya ukutani ni ya kwenda mbele tu, na jua la mchana huko halina huruma.