Hamira Inayoitwa Pombe

Mama wa Majengo akishakanda unga wa mahamri usiku, huufunika akaenda kulala. Alfajiri unga umeumuka. Aliyekesha kazini ni hamira, kiumbe hai wa jamii ya kuvu, seli moja moja isiyoonekana kwa macho. Hamira hii huzaa kwa kuchipuza: ubavuni mwa seli hutokeza kinundu, kikakua, kikajitenga.

Ina ndugu wa mbali asiyechipuza. Huyu ana umbo la kijiti. Hurefuka nchani mpaka kufika kama sehemu 14 za elfu moja za milimita, kisha hujijengea ukuta katikati na kupasuka vipande viwili. Jina lake la kitaalamu ni Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe, hii hii yetu. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 baada ya kuikuta katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, na neno la Kiswahili likaganda vitabuni.

Wanafunzi hulicheka jina hilo. Mmoja aliniuliza kama kuishika ni haramu. Fatwa nawaachia masheikh, nikamjibu, ila hata hamira ya mahamri hutoa alkoholi kidogo, nayo huishia kwenye karai la mafuta ya moto.

Faida ya hamira hii ya kijiti kwa watafiti ni hii: kwa kuwa hukua kwa urefu tu, ukiipima kwa hadubini unajua imebakisha kiasi gani kabla ya kugawanyika. Tena kwa kawaida ina nakala moja tu ya kila jeni, yaani kila agizo la urithi lililomo ndani ya seli. Jeni ikiharibika, hakuna ya akiba ya kuficha kasoro.

Miaka ya 1970, mtafiti Paul Nurse akiwa Edinburgh, Uskoti, alikuta seli zilizopasuka zikiwa bado fupi mno. Akaziita wee, neno la Waskoti la kitu kidogo. Jeni iliyoharibika, wee1, ni breki: huizuia seli isigawanyike kabla haijakomaa. Injini yenyewe, inayoisukuma seli igawanyike, ni jeni nyingine, cdc2.

Je, mambo haya yanatuhusu sisi binadamu? Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walichukua seli za pombe zenye cdc2 mbovu, wakazitilia jeni za binadamu. Moja ikashika kazi na seli zikaendelea kugawanyika, ingawa viumbe hawa wawili walitengana zamani zisizohesabika kwa vizazi. Nurse alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Saratani ni seli zinazogawanyika bila mpango, na ikiondolewa breki hukimbilia kugawanyika kabla haijawa tayari, ikafa; ndiyo maana dawa za kuzuia Wee1 zimejaribiwa kwa wagonjwa.

Huhitaji kwenda Edinburgh kuitafuta. Hamira za kundi hili zimewahi kupatikana hata kwenye tembo la mnazi. Mwalimu mwenye hadubini aombe tone kwa mgema wa Mtwapa. Nyingi atakazoona zitakuwa zinachipuza. Akibahatika kuona kijiti chenye mstari katikati, na aniite.