Kazi ya katalogi: yanayosemwa na yalivyo

"Shikamoo mama. Nimeambiwa hamna kitabu hata kimoja cha mhogo."

"Marahaba mwanangu. Nani kakwambia?"

"Kompyuta."

Binti huyo alikuwa mwaka wa tatu, anasomea kilimo. Nilimshika mkono hadi rafuni nikamtolea ndani ya sanduku kijitabu chembamba chenye jalada la kijani lililofifia, ambacho kilikuwa hapo tangu kabla sijaajiriwa. Jina la kijitabu lina neno muhogo. Yeye aliandika mhogo. Herufi moja ilitosha kuifanya maktaba nzima imwambie kwamba haina alichokuja kukitafuta, na angekuwa mwepesi wa kukata tamaa angerudi bwenini.

Mimi ni mkatalogi katika maktaba ya chuo, yaani naandika maelezo ya vitabu ili watu wavipate, na huu ni mwaka wangu wa 19. Siku ile nilikipeleka kijitabu kile mezani kwangu nikitengenezee upya rekodi, yaani maelezo yake ya kwenye kompyuta. Nitakirudia mara kwa mara humu, kwa sababu kinajibu karibu kila jambo lisilo sahihi ninalolisikia kuhusu kazi hii.

"Kadi zimeondoka, kwa hiyo na kazi imeondoka"

Hili nimelisikia hata kwa watu wanaopanga bajeti za maktaba. Kadi zimeondoka kweli, zile za kwenye droo zilizoandikwa maelezo ya kila kitabu. Shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likiziuzia maktaba kadi zilizochapwa tayari, lilichapa kadi zake za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Lakini yaliyoandikwa kwenye kadi yalikuwa yameshahamia kwenye kompyuta miaka mingi kabla ya hapo. Katika miaka ya 1960, Maktaba ya Bunge la Marekani ilimwajiri Henriette Avram, mwandishi wa programu ambaye hakusomea ukutubi. Alikaa na wakutubi wakaichambua kadi kipengele kwa kipengele, ndipo ukatoka muundo wa MARC unaosomeka na kompyuta: mwandishi sehemu ya 100, jina la kitabu sehemu ya 245, mada sehemu ya 650. Zaidi ya miaka 50 imepita, na nikifungua Koha asubuhi bado naandika 245. Koha yenyewe ni programu huria iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000.

Kilichobadilika ni umbali ambao kosa linaweza kwenda. Kadi iliyokosewa ilikuwa kwenye droo moja, katika jengo moja. Rekodi iliyokosewa hunakiliwa na maktaba nyingine, nayo ikanakiliwa tena. Niliwahi kupokea vitabu viwili tofauti kabisa ambavyo mchapishaji alivipa namba moja ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu. Mfumo ukaniambia rekodi tayari ipo, nami siku hiyo nilikuwa na rundo kubwa, nikabonyeza kukubali. Nakala tatu za kitabu cha hesabu zikakaa miaka miwili chini ya jina la kitabu cha uraia. Vitabu vilikuwapo, vimenunuliwa kwa fedha za umma, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kuvipata. Tangu hapo sikubali rekodi kabla sijafungua ukurasa wa jina kwa mkono wangu.

"Kompyuta inajua mtu anatafuta nini"

Hapa nitakaa kidogo, maana Kiswahili kinaumia hapa kuliko mahali pengine popote.

Mifumo mingi ya kutafutia vitabu ilitengenezwa na watu ambao maneno ya lugha yao hubadilika mkiani. Unaandika mwanzo wa neno, unaweka nyota, kompyuta inakuletea umoja, wingi na mtenda kazi kwa pamoja. Kiswahili hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, ukulima: mzizi ni ule ule, lakini kila neno linaanza na herufi yake, na nyota ya mwishoni haisaidii kitu. Mgonjwa, wagonjwa, ugonjwa, magonjwa. Halafu kuna jino na meno, ulimi na ndimi, ambayo kwa mashine hayana undugu wowote. Mwanafunzi wa afya akiandika "meno" hatakiona kitabu ambacho jina lake linasema "jino", na hatajua kuwa hakukiona.

Juu ya hilo kuna tahajia. Muhogo na mhogo zote zimo midomoni na vitabuni. Kiswahili sanifu kilianza kusimamiwa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930. Vitabu vya kabla ya hapo viliandikwa kila mtu na mkono wake. Mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1903 unaitwa Desturi za Wasuaheli, kwa tahajia ya Wajerumani. Mtafiti wa leo anayeandika "Waswahili" atapita pembeni yake. Na alama ile ndogo ya ng'ombe kwenye kibodi ina sura zaidi ya moja, iliyonyooka na iliyopinda, na baadhi ya mifumo huzihesabu kuwa herufi tofauti.

Dawa ya yote haya ni mtu aijuaye lugha. Ipo sehemu ya 246 ya kuandikia majina mbadala ya kitabu, na mimi huitumia bila ubahili: kijitabu changu cha kijani sasa kina muhogo na mhogo. Ipo sehemu ya 653 ya maneno huria ya mada. Vichwa vya mada tunavyotumia, yaani maneno rasmi ya kusema kitabu kinahusu nini, ni vya Maktaba ya Bunge la Marekani, vyote kwa Kiingereza, kwa hiyo kitabu cha Kiswahili kinaelezwa kwa lugha ambayo msomaji wake huenda hakuitumia kutafuta. Nikiacha kichwa cha Kiingereza peke yake nimefuata kanuni, lakini nimemfungia mlango mkulima na bwana shamba. Kwa hiyo naongeza: mihogo, wakulima, mazao ya mizizi. Dakika mbili tu.

Majina ya watu nayo yana mambo yake. Tamthilia za Penina Muhando zinasomwa shuleni. Maandishi yake mengi ya kitaaluma yana jina la Penina Mlama. Ni mama mmoja. Riwaya za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o zilitoka kwa jina la James Ngugi. Kompyuta ikiachwa peke yake itahesabu watu wanne. Ni mkatalogi anayetengeneza faili la jina, akayafunga pamoja majina ya mtu mmoja ili ukiandika lolote ufike kwenye kazi zake zote.

"Ni kunakili tu kutoka kwa wengine"

Kunakili tunanakili, na vizuri. Kitabu cha Kiingereza cha fiziolojia kimeshatengenezewa rekodi na maktaba nyingi. Naichukua, naikagua, dakika tano nimemaliza. Hata vitabu vya Kiswahili husaidiwa: Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya na kutengenezea rekodi machapisho ya nchi za Afrika. Ndiyo maana wakati mwingine kitabu kilichochapwa Dar es Salaam, mtaa wa tatu kutoka kwangu, nakipatia rekodi iliyohifadhiwa Washington.

Lakini kijitabu cha kijani hakikuwa popote. Hakina ISBN. Hakina mwaka. Hakina mwandishi, kimeandikwa tu kuwa kimetolewa na Wizara ya Kilimo. Sasa, wizara hiyo imebadilishwa jina mara nyingi. Imewahi kuwa Kilimo na Ushirika, imewahi kuwa Kilimo, Chakula na Ushirika, mwaka 2015 ikawa Kilimo, Mifugo na Uvuvi, kisha ikarudi kuwa Kilimo. Kila jina lina faili lake, na lazima kitabu kiwekwe chini ya jina lililokuwapo kilipotoka. Ukitaka kujua jina, jua mwaka kwanza.

Nilikisoma chote, kurasa 32. Ukurasa wa 3 unataja Azimio la Arusha, kwa hiyo si kabla ya Februari 1967. Ukurasa wa 19 unashauri mbegu kutoka kituo cha utafiti cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na unaitaja kama kitu kilicho hai. Jumuiya ile ilivunjika 1977. Nikabaki na miaka kumi. Kisha nikaifungua ramani ya katikati, ambayo imekunjwa mara mbili na panya wameigusa pembeni, nikauona mkoa wa Rukwa. Rukwa ilianzishwa mwaka 1974. Nikaandika, kwenye mabano ya mraba kama kanuni inavyotaka: kati ya 1974 na 1977.

Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima. Najua kuna atakayeona ni asubuhi iliyopotea kwa kijitabu kimoja. Mimi naona kwamba mtafiti wa historia ya chakula nchini sasa anaweza kukiweka kijitabu hicho mahali pake katika wakati, na hakuna mtu Washington ambaye angekuja kutufanyia kazi hiyo.

"Google inatosha"

Inatosha kwa kilichopandishwa mtandaoni na kuelezwa vizuri. Kijitabu chetu hakikupandishwa. Na hata vilivyopandishwa huharibika kwa maelezo: mwaka 2009 mwanaisimu Geoffrey Nunberg alionyesha hadharani jinsi Google Books ilivyojaa tarehe na mada za makosa, hata vitabu vingi vya miaka mingine kabisa vikahesabiwa kuwa vya mwaka 1899. Maneno yote ya vitabu yalikuwamo. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia.

Tasnifu zilizoskaniwa nazo zinanisikitisha. Watu wanaskani, wanapandisha faili, jina la faili ni "scan0047", basi wanasema tumeingia dijitali. Faili hilo ni picha ya maneno. Bila mwandishi, mwaka, mada na muhtasari, hakuna atakayelifikia. Mfumo wa Dublin Core wa kuelezea faili za kidijitali, uliobuniwa mwaka 1995 katika mji wa Dublin ulioko Ohio (wengi hudhani ni ule wa Ireland), una vipengele 15 tu. Kumi na tano! Kuvijaza vizuri kwa tasnifu moja ni robo saa.

"Namba ya rafu haina upande"

Angalia mgongo wa kitabu chochote katika maktaba inayotumia mpangilio wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kwa mada yake. Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876, na ulimwengu anaouonyesha ni ule alioujua yeye. Katika mamia ya 200, yaliyotengewa dini, Ukristo umepewa nafasi kubwa, mfululizo wa 220 hadi 280. Uislamu wote umebanwa ndani ya 297. Maktaba ya Lamu au Unguja inayofuata mpangilio huo inajikuta na rafu nzima, ukuta hadi ukuta, ambayo kila kitabu kinaanza na 297 kisha nukta na mkia mrefu wa tarakimu. Fasihi ni hivyo hivyo: riwaya ya Kiingereza ni 823, tarakimu tatu safi. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923.

Hata vichwa vya mada hubadilika watu wakidai. Kichwa cha Kiingereza kilichowaita wahamiaji "wageni haramu" kilipingwa na wanafunzi wa chuo cha Dartmouth mwaka 2014, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilikibadilisha mwaka 2021. Miaka saba. Neno lile lilikuwa limewekwa na mkatalogi fulani mezani kwake, kama mimi ninavyoweka yangu.

"Akili unde itaifanya"

Itasaidia, na naitumia kuandaa rasimu za rekodi za Kiingereza. Kwa Kiswahili nachunga sana. Niliwahi kukikuta Mashetani, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1971, kwenye rafu ya 133 ya maktaba moja ya shule, pamoja na vitabu vya uchawi. Aliyekiweka pale alikuwa binadamu aliyesoma jalada tu. Mashine inayosoma jalada tu itafanya vilevile, kwa kasi kubwa zaidi, na haitaona haya. Tamthilia ile inakaa 896.3922, na ili ujue hivyo lazima ukifungue.

"Ni kazi ya watu wasiopenda watu"

Kila sehemu ya rekodi ninayojaza namfikiria mtu atakayeandika neno fulani saa nne usiku, mimi nimelala. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Yule binti alirudi baada ya wiki mbili kuazima kijitabu. Kabla sijampa nilimwomba akae kwenye kompyuta atafute kama alivyotafuta siku ile. Aliandika mhogo. Kikatokea, cha kwanza kwenye orodha, na mwaka wake kwenye mabano. Aliutazama mwaka ule akaniuliza nimeujuaje, nikamfunulia ramani nikamwonyesha Rukwa.

Kwenye sanduku kilikotoka kijitabu kile vimebaki vingine 41. Cha juu kabisa kinahusu kunde, na hakina jalada.