Kuhesabu karata: stori za Malindi na hesabu yenyewe

Malindi kasino imekuwepo miaka na Wataliano wapo miaka, kwa hivo stori za karata hazitukaukii. Kila mtu ana binamu aliyewahi kufanya kazi mlangoni ama kupeleka wageni na tuktuk usiku, na kila binamu ana kisa chake cha mzee wa Kitaliano aliyekuwa "anahesabu" mpaka mabaunsa wakamtoa. Ukiuliza alikuwa anahesabu nini haswa, wote kimya. Kamari ni haramu, hilo maustadh wameshalimaliza na mimi sina la kuongeza, hapa naongea hesabu tu manake uongo umezidi, na sai kuna vijana wanauziwa "mbinu" kwa WhatsApp.

"Anajua karata inayokuja."

Hajui. Hakuna anayejua, labda yule mwenye karata alizotia alama, na huyo ni mwizi si mhesabuji. Anachojua mhesabuji ni zilizobaki zimeelemea wapi, bas. Mchezo wa ishirini na moja, ambao kasino huita blakijeki na unashindana na kasino kukaribia 21 bila kuipita, una sifa moja: karata ikishatoka imetoka, hairudi mpaka zichangwe upya. Sasa nenda pale Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu uwaangalie wazee wakicheza dhumna. Kete ni 28, kila namba ina kete saba, na mzee akishaona kete sita za tano ziko chini na ya saba anayo yeye mkononi anajua hakuna mwengine wa kujibu tano, anaigonga meza mpaka kahawa inamwagika. Hakuna anayemwita mchawi. Tofauti ni kwamba kwenye dhumna unaweza kufikia uhakika kabisa, na kwenye ishirini na moja hufiki, unaishia kwenye "huenda".

"Lazima uwe na kichwa cha kompyuta."

Hapa watu wanafikiri jamaa anakariri karata 312, yaani paketi sita. Hakariri hata moja. Njia inayotumika sana, aliyoileta Harvey Dubner mwaka 1963, ni ya mtoto wa darasa la tatu: ikitoka 2, 3, 4, 5 ama 6 unaongeza moja, ikitoka 7, 8 ama 9 unaiacha, ikitoka 10, jeki, kwini, kingi ama ree unatoa moja. Bas. Tuseme zimetoka 5, kingi, 2, 6, 9, ree, 4, jeki, 3. Unasoma kichwani moja, sifuri, moja, mbili, mbili, moja, mbili, moja, mbili. Umebaki na jumlisha mbili, karata zenyewe ushazisahau na hakuna shida.

Kuna hatua moja zaidi ambayo wauza mbinu huiruka, sijui hawaijui ama wanaona itawakimbiza wateja. Ile namba unaigawanya kwa paketi zilizobaki. Jumlisha 8 zikibaki paketi nne ni 2 tu, jumlisha 8 hio hio zikibaki paketi mbili ni 4. Huyo wa 4 ndo wa maana. Ugumu haupo kwenye kujumlisha, upo kwenye kujumlisha huku muziki unapigwa, dila, yaani mgawaji wa kasino, anagawa haraka, jirani yako anakupigia stori za mvua ya Watamu, na uso wako uwe wa mtu asiyefikiria chochote.

"Karata kubwa zinamfaa dila vilevile, kwa hivo haisaidii."

Hii ndo dhana ninayoiheshimu, manake inaulizwa na mtu anayefikiri. Ni kweli kingi anaweza kwenda kwako ama kwa dila, bahati ni ile ile. Lakini sheria zenu si sawa. Ukipata ree na karata ya kumi pale mwanzo, kasino nzuri inakulipa tatu kwa mbili, yaani uliweka 1,000 unapata 1,500. Dila akipata yeye hio hio anachukua 1,000 yako tu, hawezi kukudai 1,500. Alafu dila hana hiari. Akiwa na 16 kushuka lazima achukue nyingine, hata roho yake inakataa, mpaka afike 17, na pakiwa pamejaa makumi ndani ya zile zilizobaki, hapo ndo anapita 21 na meza nzima inalipwa. Wewe ukiwa na 13 ama 14 unaruhusiwa kutulia tuli umwache aungue yeye. Na ukiwa na 11 unaweza kuongeza dau mara mbili kwa karata moja, na hapo unaitaka hio kumi kwa hamu kweli.

Kwa hivo karata ndogo zikitoka nyingi mapema, zilizobaki ni tajiri kwako. Mhesabuji kazi yake ni kuweka dau dogo wakati mbaya na kubwa wakati mzuri, na mara chache kubadilisha uamuzi mmoja ama mwengine. Hakuna siri nyengine, wallahi.

"Ukijua kuhesabu umeomoka."

Mtu akicheza kila raundi kwa uamuzi sahihi bila kuhesabu, kwenye meza yenye sheria nzuri, kasino bado inamshinda kama nusu ya asilimia. Ile namba uliyoigawanya, kila moja inayopanda inakurudishia karibu nusu asilimia, kwa hivo kwenye 1 mko sare na kwenye 4 una kama asilimia moja na nusu. Tena huko kwenye 4 hufiki kila mara, raundi nyingi utakaa tu unasubiri.

Sasa chukua faida ya asilimia moja kwa dau la 1,000. Ni shilingi kumi kwa raundi, kwa wastani. Raundi mia ni 1,000. Lakini kupanda na kushuka kwa kawaida kwenye hizo raundi mia ni kama 11,000 juu ama chini, kwa hivo ile 1,000 yako imezama humo ndani huioni. Itabidi ucheze raundi elfu kumi na kitu ndo faida ianze kuonekana wazi kuliko bahati, na huo muda wote uwe na pesa nyuma yako za kuhimili mikosi. Mtu aliyekuja na nauli ya boti hana muda huo.

Aliyeionyesha dunia kwamba inawezekana ni Edward Thorp, mwalimu wa hesabu Marekani, aliyepiga mahesabu kwa kompyuta ya IBM 704 pale MIT na kutoa kitabu mwaka 1962. Mwaka 1964 kasino za Las Vegas zikaogopa, zikabana sheria, wachezaji wakasusa, wiki chache tu sheria za zamani zikarudi. Na kasino zikaja kugundua kitu kitamu zaidi, kwamba wengi waliosoma walijiona wataalamu, wakaja kwa fujo na wakaacha pesa zao mezani. Mimi naona hio biashara bado inaendelea mpaka leo.

"Ni wizi, utafungwa."

Kutumia akili yako si kosa huko Nevada, jimbo la Las Vegas, ila kasino ina haki kukwambia leo inatosha, kwaheri. New Jersey ni tofauti kidogo, mhesabuji Ken Uston alienda kortini na mwaka 1982 mahakama kuu ya jimbo ikasema kasino za Atlantic City haziwezi kumzuia mtu kwa sababu tu anahesabu. Nazo zikajibu kwa kuchanga karata mapema. Kifaa ndo hatari, Nevada ilipiga marufuku kompyuta za mfukoni mwaka 1985. Siku hizi hata kubishana hakuna haja, wanaleta mashine inayorudisha karata na kuchanga muda wote, hesabu yako inabaki hewani. Ama wanakulipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, dau la 1,000 linatoa 1,200, na hilo pekee linawaongezea kama asilimia 1.4. Watu huikalia hio meza wakishangilia.

"Nitahesabu nikicheza kwa simu."

Utahesabu nini? Programu inachanga upya kila raundi, ulichohesabu kimefutwa kabla hujavuta pumzi. Rouleti pia hapana, gurudumu lina namba 37 na halikumbuki jana wala dakika iliyopita, ule ubao wa namba zilizotoka umewekwa pale makusudi ili uone mpangilio usiokuwepo. Na ile michezo ya ndege inayopaa vijana wanayochezea maskani, kila kupaa ni kupya kabisa, hakuna paketi inayopungua humo. Sasa anayekuuzia "hesabu" ya ndege anahesabu mia tano mia tano zenu.

Unayetaka kujaribu bila kuweka hata senti, tafuta paketi moja na uifunue karata moja moja ukijumlisha na kutoa. Ndogo ziko 20, za kati 12, kubwa 20, kwa hivo karata ya 52 lazima ikuache sifuri. Wanaojua humaliza chini ya nusu dakika. Ukipata namba nyengine ama umekosea ama paketi ina upungufu, na zile za barazani kwetu mimi ningeanza kutafuta karata chini ya mkeka.