Ushabiki wa filamu iliyotokana na riwaya: maana yake kwa mfano wa The Lord of the Rings

Aprili 7, 2000, kampuni ya New Line Cinema iliweka kwenye intaneti kipande kifupi cha video kuhusu filamu iliyokuwa bado inarekodiwa huko New Zealand. Ndani ya saa 24 kikapakuliwa mara milioni 1.7. Enzi hizo watu wengi waliingia mtandaoni kwa laini ya simu ya mezani, na video ya dakika chache uliisubiri mpaka chai ikapoa. Filamu yenyewe, The Fellowship of the Ring, ya kwanza kati ya tatu za The Lord of the Rings, ingefika kwenye kumbi za sinema Desemba 2001, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye. Na wengi wa hao waliokuwa wakihangaika na video ile walikuwa wameshaisoma hadithi yote katika riwaya iliyozaa filamu hiyo. Walijua nani atakufa, nani atasaliti, na pete ya kichawi inayogombaniwa na wote itaishia wapi.

Sasa mtu anayejua mwisho anaharakisha nini? Jibu la swali hilo ndilo linalotupa maana ya ushabiki wa filamu iliyotokana na riwaya. Ni mapenzi ya mtazamaji kwa filamu ambayo hadithi yake alikuwa nayo tayari, mapenzi yanayoambatana na madai. Mtazamaji wa kawaida hukata tiketi, akaangalia, akapenda au asipende, akarudi nyumbani. Shabiki huyu anaingia ukumbini akiwa na filamu yake kichwani, aliyoitengeneza mwenyewe kwa kusoma na kurudia kusoma, kisha anakaa kuzipima mbili hizo. Anajihesabu kuwa ana hisa katika hadithi. Ndiyo maana akifurahi hufurahi kupita kiasi, na akikasirika ni vivyo hivyo.

Hapo ndipo anapoachana na shabiki wa Simba au Yanga, ambaye raha yake yote iko katika kutojua mechi itaishaje. Shabiki wa filamu ya riwaya anasubiri kuona jambo analolijua litafanywa namna gani. Si tabia ngeni. Watu wa Lamu na Pate waliokaa kusikiliza habari za Fumo Liyongo walijua fika kwamba shujaa atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna aliyeondoka kwa sababu hiyo. Walikaa ili wasikie msimulizi atawafikishaje hapo, na ole wake akiruka kipande.

Ushabiki wa namna hii unaweza kuzuka kwa riwaya yoyote, lakini unashika zaidi kwenye fantasia ya kishujaa, yaani hadithi ndefu ya ulimwengu uliobuniwa wote kuanzia chini, wenye falme, safari, majeshi, na jambo moja ambalo hatima ya wote imefungwa kwalo. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kukulia Uingereza, alikuwa profesa wa Oxford aliyebobea katika lugha za kale. Alitunga lugha kwanza, na watu wa kuzisema wakafuata. Mwishoni mwa The Lord of the Rings aliweka nyongeza zenye nasaba za wafalme, kalenda, mfuatano wa matukio ya maelfu ya miaka, na namna ya kuandika herufi za Waelfi, viumbe wasiozeeka wa hadithi hiyo. Riwaya ya mapenzi haikupi vitu vya kukagua kiasi hicho. Hii inakupa ramani, na mwenye ramani ataona mara moja kwamba mto umewekwa upande usio wake.

Kitabu kilitoka kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955. Mwandishi alikiona ni riwaya moja, ila baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na mchapishaji aliogopa hasara. Moto hasa uliwaka Marekani mwaka 1965, kampuni ya Ace ilipochapa toleo la bei rahisi bila ridhaa ya mwandishi. Ballantine wakatoa toleo lililoidhinishwa, likiwa na ujumbe wa Tolkien akiwaomba wasomaji wanunue hilo tu. Mzozo ule ulimtangaza kuliko tangazo lolote la kulipia. Wanafunzi wa vyuo wakavaa beji zilizosema kwamba Frodo, mbeba pete wa hadithi hiyo, yu hai, na mwaka 1969 chama cha wasomaji wake, Tolkien Society, kikaundwa Uingereza. Ushabiki wenye wanachama, mikutano na ubishi wake ulikuwepo miongo mitatu kabla ya Peter Jackson, mwongozaji wa filamu hizi, kugusa kamera kwa ajili ya hadithi hii.

Na tukitaka kumtaja mkaguzi wa kwanza, ni Tolkien mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliletewa mswada wa filamu iliyopendekezwa na Wamarekani. Aliujibu kwa barua ndefu yenye uchungu, akilalamika pamoja na mengine kwamba tai wakubwa wanaitwa kusaidia kila mara mpaka wanapoteza maana. Filamu hiyo haikutengenezwa. Iliyotengenezwa ni ya katuni, ya Ralph Bakshi, mwaka 1978. Iliishia katikati ya hadithi, na jina lake halikumwonya mtazamaji kwamba hiyo ni sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili Bakshi hakuifanya kamwe. Ukikutana na shabiki wa rika lile aliyeipokea habari ya filamu ya Jackson kwa mashaka, basi alikuwa ameshaumwa na nyoka.

Jackson na wenzake walilielewa hilo. Mradi ulianzia kampuni ya Miramax kama filamu mbili, na walipotakiwa kuzibana ziwe moja wakaomba ruhusa ya kutafuta mfadhili mwingine. Robert Shaye wa New Line akawauliza kwa nini wanafikiria mbili ilhali vitabu ni vitatu. Zote tatu zikarekodiwa kwa mpigo, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Jackson alikuwa amejibu hadharani maswali ya mashabiki mtandaoni, jambo ambalo waongozaji wakubwa wa wakati huo hawakuwa na mazoea nalo. Ian McKellen, aliyeigiza mchawi Gandalf, akawa anaandika kumbukumbu za kazi kwenye tovuti yake. Hata hivyo naona uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa kuwaajiri Alan Lee na John Howe, wachoraji waliokuwa wameshachora picha za vitabu vya Tolkien kwa miaka mingi. Mashabiki walikuwa wakiziona picha hizo kwenye majalada na kalenda. Kwa hiyo mji wa Minas Tirith ulipotokea kwenye skrini, ulifanana na ule waliokuwa nao kichwani kwa sababu mkono uliouchora ulikuwa wa watu walewale.

Madai hayakuisha kwa hilo. Tom Bombadil, mzee wa msituni anayeimba hovyo, hayumo kabisa kwenye filamu. Katika kitabu Frodo aliyejeruhiwa anawatoroka wapanda farasi weusi juu ya farasi wa Mwelfi Glorfindel, na katika filamu anayemwokoa ni Arwen, binti wa Kielfi ambaye Tolkien hakumpa kazi kubwa. Wahobiti, watu wafupi wa kabila la Frodo, wanaporudi nyumbani kitabuni wanakuta nchi yao imetekwa na inawabidi waikomboe, lakini filamu imeiacha sura hiyo yote. Lililouma zaidi ni la Faramir. Kwa Tolkien huyu ni nahodha wa vita anayesema hata angeikuta pete njiani asingeiokota. Jackson anamfanya awateke Frodo na mwenzake Sam na kuwapeleka hadi mji wa Osgiliath kabla ya kuwaachia. Waandishi wa filamu walijitetea kwamba ikiwa pete inamtamanisha kila mtu, halafu anatokea mmoja asiyetikisika, mtazamaji ataacha kuiogopa. Hoja hiyo ina nguvu, na bado mimi niko upande wa wasomaji katika kesi ya Faramir. Kwa Bombadil nawaachia watengenezaji filamu. Saa tatu za sinema hazina nafasi ya nyimbo zake.

Ubishi huo, kama ulivyouona hata hapa, si dalili kwamba mtu hakuipenda filamu. Wanaobishana kuhusu Faramir kwa kawaida ndio walioitazama mara nyingi. Desemba 16, 2003, baadhi ya kumbi za Marekani na Kanada zilionyesha matoleo marefu ya filamu mbili za kwanza na kumalizia kwa ya tatu, The Return of the King, siku moja kabla ya kutoka rasmi. Watu walikaa vitini zaidi ya saa kumi, wengine wamevaa majoho na masikio yaliyochongoka. Wiki mbili kabla, kwenye uzinduzi wa filamu hiyo huko Wellington, zaidi ya watu laki moja walijaa barabarani, katika nchi yenye watu takriban milioni nne tu. Februari 2004 filamu ikachukua tuzo zote 11 za Oscar ilizopendekezwa, ikiwemo ya filamu bora, na hakuna fantasia iliyowahi kupata hiyo kabla yake.

Hata hivyo tuzo na fedha hazionyeshi dhana yetu vizuri kama visa viwili vidogo. Cha kwanza ni cha Bret McKenzie, mwigizaji wa New Zealand aliyekaa sekunde chache tu kwenye baraza la Elrond, mkuu wa Waelfi, katika filamu ya kwanza, bila kusema neno. Mashabiki wakampenda ghafla, wakampa jina lao wenyewe, Figwit, na kuanza kumwandika mtandaoni. Katika filamu ya tatu akarudishwa, na safari hii akapewa maneno ya kusema. Jackson alikiri kuwa ilikuwa zawadi kwa mashabiki. Mhusika ambaye hakuumbwa na mwandishi wala mwongozaji aliingia kwenye hadithi kwa sababu watazamaji walimtaka.

Cha pili ni majina. Ukiitazama hadi mwisho ile DVD ya toleo refu, baada ya majina ya watengenezaji yanafuata majina ya wanachama wa mwanzo wa klabu rasmi ya mashabiki, na yanapita kwa muda wa kama dakika ishirini. Wamo walioketi hadi mwisho ili kuliona la kwao. Sijui njia nyingine iliyo wazi zaidi ya kampuni kukiri kwamba hawa nao wana fungu katika kazi.

Hisa hizo si za sheria, na mwenye hati anaweza kuona mambo tofauti. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi aliyetumia maisha yake kuhariri maandishi ya baba yake, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba filamu zilikitoa kitabu utumbo na kukigeuza cha mapigano kwa ajili ya vijana. Mashabiki wengi walisikitika kuyasikia. Mwaka huohuo Jackson akaanza kutoa The Hobbit, riwaya fupi ya watoto ya 1937 iliyovutwa ikawa filamu tatu. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Watu walijaa kumbini, lakini ile shauku ya kuitetea ilikuwa imepungua, kwani waliosoma waliona kurasa chache zimetandazwa kwa saa nyingi. Mapato huhesabu tiketi tu.

Ushabiki huu una upande mbaya pia, na unatokana na kitu kilekile: kujiona mwenye hadithi. Mwaka 2022 Amazon ilipotoa tamthilia ya The Rings of Power, iliyotokana na nyongeza zile za mwisho wa kitabu, waigizaji wasio wazungu kama Ismael Cruz Córdova, aliyecheza Mwelfi, walishambuliwa kwa matusi ya kibaguzi na watu waliodai wanalinda kitabu. Elijah Wood, Frodo wa filamu za Jackson, pamoja na wenzake Billy Boyd na Dominic Monaghan, wakajitokeza wamevaa fulana zenye michoro ya masikio ya rangi mbalimbali za ngozi, na maandishi ya Kielfi yanayosema wote mnakaribishwa. Kulalamika kwamba Faramir amebadilishwa kunaweza kujibiwa kwa kurasa za kitabu. Matusi yale hayakuwa na ukurasa wowote nyuma yake.

Kwetu Afrika Mashariki wengi tulianza na filamu, kwa kanda, DVD au televisheni, na kitabu kikafuata kama kilifuata. Mtu wa namna hiyo haingii na filamu kichwani. Anaingia kitabuni akiwa na sura za waigizaji, na Aragorn, mfalme wa hadithi, kwake atakuwa mwigizaji Viggo Mortensen hata afanyeje. Bado anahesabika. Mauzo ya kitabu yalipanda sana filamu zilipotoka, na sehemu ya wanaobishana leo kuhusu Bombadil walimjua kwa njia hiyo: walikuta sura nzima ya mtu ambaye hawakuwahi kumwona kwenye skrini, wakauliza kwa nini.